Nyumba Upande Huu, Kazi Upande Ule: Namna ya Kuujibu Mpango wa Jiji la Dar es Salaam

Dar es Salaam imechorewa mipango kabambe minne: wa 1949 chini ya Waingereza, wa 1968, wa 1979, na huu wa sasa unaoanzia 2016 hadi 2036. Mpango wa 1979 ulikusudiwa kuongoza mji kwa miaka 20. Muda wake ulipokwisha hapakuwa na mwingine wa kuurithi, na miaka hiyohiyo ndiyo watu walipomiminika. Sensa ya 1978 ilihesabu wakazi wapatao 843,000. Ile ya 2012 ilihesabu milioni 4.36, na ya 2022 ikafika milioni 5.38. Sehemu kubwa ya mji tunaouona leo imejengwa na wakazi wenyewe. Mtu alinunua kipande cha shamba, akaandikishana na muuzaji mbele ya mjumbe na mashahidi, akaanza na chumba kimoja na kuongeza kingine kadiri fedha ilivyopatikana. Inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi katika maeneo yaliyokua kwa njia hii.

Mpango unaokuja juu ya mji wa aina hiyo haukuti ardhi tupu. Kila mstari wa barabara unapita kwenye ukuta wa mtu, na kila eneo linalotengwa kwa viwanda au biashara tayari lina watu wanaolala humo na kula kutokana nalo. Kwa hiyo namna wakazi wanavyoujibu ni sehemu ya mpango wenyewe. Wasiposikilizwa mwanzoni watajibu mwishoni, mahakamani au mbele ya tingatinga, na hapo kila upande huwa umekwisha kupoteza.

Nimefuatilia majibu haya kwa muda, kwenye mikutano ya mitaa, kwenye magazeti na kwenye kesi, na ninaona kasoro moja inayojirudia. Karibu yote yanahusu nyumba: itabomolewa au haibomolewi, fidia ni kiasi gani, hati itatoka lini. Kazi haiulizwi. Wataalamu wa mipango miji nao hufanya vivyo hivyo kwa namna yao. Makazi wanayapaka rangi moja, viwanda nyingine, biashara nyingine, kisha wanahesabu hekta za kila rangi na kuridhika kwamba mizani imekaa sawa. Mizani hiyo haisemi mtu anayelala kwenye rangi hii atafikaje kwenye ile, kwa nauli gani, wala kama ile kazi yake ya sasa ina rangi yoyote kwenye ramani.

Mgawanyo huu ni wa zamani kuliko mipango kabambe. Tangu 1891 Wajerumani walikuwa wameugawa mji kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa kila sehemu, na Waingereza wakaendeleza ugawaji huo. Mpango wa 1949 ukaupa lugha ya kitaalamu ya ujazo: ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Kila mtu alijua nani anakaa wapi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Viwanda vikapangwa pembeni, kandokando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, na baada ya Uhuru vikaongezeka Chang'ombe, Kipawa, Ubungo na Mikocheni. Ardhi ya viwanda ilipimwa vizuri, ikapata umeme, maji na njia za reli. Nyumba za watakaofanya kazi humo hazikupewa uzito kama huo.

Tazama basi ni mitaa gani iliyokua. Keko imejibana ubavuni mwa viwanda vya Chang'ombe. Vingunguti iko kati ya viwanda vya Barabara ya Nyerere na bonde la Msimbazi. Manzese ilijaa kando ya Barabara ya Morogoro, karibu na viwanda vya Ubungo, kikiwemo kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China mwishoni mwa miaka ya 1960. Mitaa hii imeitwa makazi holela kwa miongo mingi, lakini haikuota kiholela. Ilikaa pale hasa ambapo mtu mwenye mshahara mdogo angeweza kutembea kwa miguu hadi langoni mwa kiwanda. Wakazi waliuona mpango, wakaona kilichosahaulika, wakakijaza wenyewe. Hilo lilikuwa jibu la kwanza kwa mipango ya jiji hili, na bado ndilo lenye nguvu kuliko yote yaliyofuata.

Siku hizi kiwanda si mwajiri mkuu wa mji. Ingia Tandale, Mbagala au Buguruni, upite barabara za ndani. Chumba cha mbele cha nyumba kimetobolewa kikawa fremu ya duka, saluni au wakala wa fedha za simu. Barazani kuna cherehani mbili. Uani kuna mama anayekaanga maandazi ya jumla, na nyuma ya ukuta kijana anachomelea mageti. Kwenye kona bodaboda wana kijiwe chao, na jirani yao mama ntilie anawalisha. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati ina familia ya mwenye nyumba, wapangaji wa vyumba vinne na biashara mbili au tatu, zote chini ya paa moja. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni ya bibi mwenye nyumba. Kwenye mchoro wa mipango miji, yote hayo yameandikwa neno moja: makazi.

Mtaa wa namna hiyo ukivunjwa, mpango unahesabu nyumba zilizopotea. Ajira hazihesabiwi, kwa sababu hazikuwahi kuandikwa. Sinza ni mfano wa upande mwingine. Ilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, viwanja vidogo kwa watu wa kipato cha chini, vya kuishi. Leo ukipita barabara zake kuu utakuta maduka, baa, maduka ya dawa na ofisi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wengi wa waliokusudiwa wamekwisha kuuza na kuhama, na hilo ni funzo la kusikitisha kuhusu bei ya ardhi iliyopimwa. Lakini mabadiliko ya matumizi yenyewe hayakuwa uasi. Mtaa wenye watu wengi na barabara nzuri huzaa biashara, na mpango unaoligeuza jambo hilo kuwa kosa unajitakia ugomvi na mji mzima.

Mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Mwanagati na Buyuni. Kazi ya upimaji ilizidi lengo, na kwa kipimo hicho mradi ulifanikiwa. Lakini waliokuwa wakilima maeneo hayo walilipwa fidia ambayo mara nyingi haikutosha kununua kiwanja palepale, wakasogea mbele zaidi, na ujenzi holela ukaanza upya huko walikosogea. Viwanja vya pembezoni kama Buyuni, ng'ambo ya Chanika, vilikaa miaka na miaka bila nyumba. Mtu aliyejaliwa kujenga huko aliamka alfajiri kugombania daladala kwenda Kariakoo au Posta, kwa sababu kazi ilibaki mjini. Paa lilipatikana, ila kazi haikupangiwa kiwanja karibu nalo.

Kosa la upande wa pili linaonekana Ilala. Jengo la Machinga Complex lilikamilika 2010, la ghorofa kadhaa, ili wafanyabiashara wadogo watoke barabarani. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba vyake ilikaa tupu. Machinga anaishi kwa miguu ya wapita njia, na mteja anayeshuka daladala hapandi ghorofa ya tatu kutafuta soksi. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa tena barabarani jiji zima na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Baadhi ya maeneo hayo yalishika, hasa yaliyo karibu na vituo vya mabasi na masoko ya zamani. Mengine yalikufa. Kilichotofautisha ni njia ya watu, na hilo wamachinga wenyewe wangeweza kuliambia jiji kabla ya senti moja kutumika.

Kuna upande wa sheria ambao wakazi wengi huufahamu wakiwa wamechelewa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa haraka. Kanuni za fidia za 2001 zinaichambua: thamani ya ardhi na maendelezo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, posho ya usafiri kwa kiasi cha tani 12 ndani ya kilomita 20, na hasara ya faida, yaani faida halisi ya biashara kwa mwezi mara miezi 36. Hiyo ya mwisho ni habari njema. Sheria inakubali kwamba kuhamishwa ni kupoteza kazi pia.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Faida huthibitishwa kwa hesabu, zilizokaguliwa inapohitajika. Mama wa maandazi hana hesabu zilizokaguliwa. Ana daftari, na pengine kichwa chake tu. Kwa hiyo posho iliyoandikwa kwa ajili ya watu kama yeye huishia kwa wenye kampuni. Kilomita 20 nazo zinaeleza jambo: aliyeziandika alidhani mtu akihamishwa atabaki jirani na maisha yake, ilhali ardhi ambayo fidia inaweza kuinunua iko mbali kuliko hapo.

Mpangaji ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa fidia humfuata mwenye ardhi. Upanuzi wa bandari ulipoifikia Kurasini, familia za wapangaji zilijikuta hazina jina kwenye karatasi yoyote. Baadhi yao walikuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la watu maskini wa mijini, wakasaidiwa na asasi ya Centre for Community Initiatives kununua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga nyumba za ushirika. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini Kurasini mtu alikuwa anatembea hadi bandarini kutafuta kibarua cha siku, au anawauzia chakula madereva wa malori. Kutoka Chamazi, nauli ya kwenda na kurudi inakula kibarua chenyewe. Kama mtaa wa wapangaji ulio karibu na bandari ungeandikwa tangu mwanzo kuwa sehemu ya uchumi wa bandari, mjadala ungekuwa mwingine.

Nisiwaonee maofisa mipango miji. Wana sababu nzito za kutenganisha matumizi ya ardhi. Gari la zimamoto halipiti kwenye kichochoro cha mita moja na nusu. Karakana ya betri chakavu haistahili kuwa ukuta kwa ukuta na shule ya awali. Wakazi wa Vingunguti wamevuta harufu za viwanda na machinjio kwa miaka mingi, na hakuna anayeweza kuwaambia kwamba kuchanganyika kwa kazi na makazi ni neema tupu. Bonde la Msimbazi nalo hufurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji. Wapo waliorudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa huko, na Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni zikabomolewa. Bonde linalofurika halifai kwa nyumba, hilo silibishii. Ninachosema ni kwamba Mabwepande ilipangwa kama mahali pa kulala, na mtu hahami kwenda mahali pa kulala tu.

Kwa hiyo mkazi anapoletewa rasimu ya mpango, cha kwanza kuwahi ni wakati. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji, ambayo ni halmashauri, itangaze nia yake na kushauriana na wenye ardhi, taasisi na asasi za wananchi kabla mpango wa jumla haujatengenezwa. Kwa kawaida tangazo hutoka gazetini na kubandikwa kwenye mbao za ofisi, na wanaolisoma ni wachache. Mwenyekiti wa mtaa mwenye bidii anaweza kulibadilisha jambo hilo kwa mkutano mmoja wa hadhara, mradi aiombe rasimu mapema, aibandike ukutani, na amwite mtu anayeweza kuisoma. Mchoro ukishaidhinishwa, barua kali kuliko zote haifanyi kazi ya swali moja dogo lililoulizwa kabla.

Cha pili ni ramani ya mtaa wenyewe, na hapa ndipo majibu mengi yanapokosa nguvu. Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa, umetufundisha kwamba wakazi wanaweza: kamati za mitaa zimekaa na wapimaji, majirani wameonyeshana mipaka, wengine wamekubali kukata ukuta ili njia ipanuke. Lakini fomu za urasimishaji huandika kiwanja na mwenye kiwanja. Kamati hiyohiyo ikipita nyumba kwa nyumba inaweza kuandika fremu ngapi, mafundi wangapi, vyumba vingapi vya kupanga na kwa kodi gani, nani anaenda kazini kwa miguu na nani kwa gari. Jedwali kama hilo, likigongwa muhuri wa serikali ya mtaa, ni jibu ambalo mthamini na mhandisi hawawezi kulipita. Pia linamwingiza mpangaji kwenye rekodi, naye ana haki ya kukaa kwenye kiti cha mbele cha mkutano kama mwenye nyumba.

Mfano wa jibu la namna hii tunao. Hananasif, Kinondoni, katika miaka ya 1990, wakazi walishiriki kuboresha mtaa wao kwa mikataba ya kijamii: mitaro ya maji ya mvua na barabara zilijengwa kwa kuajiri watu wa mtaani, wanawake kwa wanaume. Mji ulipata mtaro, na mkazi akapata ujira na ujuzi. Mwaka 2018 mpango wa bonde la Msimbazi ulitayarishwa kupitia warsha zilizowaweka wakazi, wahandisi na maofisa meza moja kwa miezi kadhaa, tofauti kabisa na tingatinga za miaka mitatu nyuma yake. Warsha hazikuondoa maumivu ya kuhama, na malalamiko ya fidia yameendelea. Ila mradi uliojadiliwa unajua unamgusa nani, na hilo lina thamani yake.

Ukimya wa mpango nao unaua. Kigamboni ilitangazwa 2008 kuwa eneo la mji mpya, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri mji wa kisasa. Mtu mwenye msingi uliokwisha jengwa hakuweza kuinua ukuta. Mwenye shamba hakupata mnunuzi, na benki haikutaka dhamana ya ardhi yenye zuio. Miaka ikapita, mipaka ya mradi na mawazo yake vikabadilika, na mwishowe wakala uliokuwa umeundwa kuusimamia ukavunjwa. Hakuna fidia inayolipwa kwa muongo wa kusubiri. Kila jibu la wananchi kwa mpango wa ardhi linapaswa kudai tarehe: zuio linaanza lini, linakoma lini, na mpango usipotekelezwa nini kinafuata. Ninaliona dai hili kuwa la haki kuliko hata dai la kiwango cha fidia, kwa sababu linamlinda pia yule ambaye hatahamishwa.

Limebaki suala gumu kuliko yote, la mipaka. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu milioni 1.1 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa milioni 2.02. Karibu mara mbili kwa miaka kumi, wakati Dar es Salaam yenyewe iliongezeka kwa kasi ndogo zaidi. Mji umemwagika Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, ambako viwanja bado vinanunulika, na viwanda navyo vinasogea huko. Kwala, karibu na reli, imepata bandari kavu na eneo kubwa la viwanda. Lakini mpango kabambe wa Dar es Salaam unaishia kwenye mpaka wa mkoa. Hata ndani ya mkoa hakuna mwenye mpango: Halmashauri ya Jiji iliyokuwa ikiunganisha manispaa ilivunjwa Februari 2021, Ilala ikapewa hadhi ya jiji, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zinajisimamia zenyewe. Mkazi wa Kiluvya anayeamka Pwani na kufanya kazi Ubungo hana mamlaka moja ya kuiandikia.

Kwala ndiyo Manzese ya kesho ikiwa hatutakuwa macho. Ardhi ya viwanda imepimwa, na reli ipo. Ajira maelfu zikija, vibarua wa kwanza watatafuta chumba cha kupanga cha bei ya chini, choo, maji, zahanati, shule ya msingi na mahali mama ntilie atakapoweka meza yake. Wenye mashamba wa jirani watauza vipande bila upimaji, kama walivyouza wenzao wa Manzese. Safari hii bado kuna nafasi. Halmashauri zinazohusika za Pwani zinaweza kupima mapema viwanja vidogo vya nyumba za kupangisha, kuacha fremu za mbele ziruhusiwe tangu kwenye mchoro, na kuwapa wakazi wa sasa wa vijiji vya Kwala sehemu ya viwanja hivyo kabla bei haijapanda. Ombi hilo liandikwe sasa na serikali za vijiji na asasi za wafanyakazi, lipelekwe kwenye halmashauri na nakala ofisi ya mkuu wa mkoa na wizara ya ardhi, wakati mashamba bado ni mashamba.